Majibu ya Kampala yanasema utando wa kizazi umevimba kwa muda mrefu. Je, ndiyo sababu mimba hazikai?

Nafaka_Busia

Habari zenu ndugu. Naomba mnisome hadi mwisho. Najua ni ndefu, lakini nikikata ninaweza kuacha jambo ambalo ndilo lenye jibu.

Nina miaka 33, niko Busia, upande huu wa Uganda. Nauza mahindi, maharage na ulezi, kwa gunia na kwa kilo. Niliolewa 2017 na mwalimu wa shule ya msingi. Mwishoni mwa 2019 nilishika mimba, wiki ya 10 ikatoka. Damu haikukata. Wiki ya tatu nikaenda kliniki moja ya hapa mjini, wakanisafisha kizazi bila kunipiga skani kwanza wala baadaye. Wakanipa vidonge kwenye bahasha ya kaki, na kesho yake nilikuwa dukani kwa sababu kulikuwa na lori linashusha mzigo.

Tangu hapo mwili wangu umebadilika. Siku tatu au nne kabla ya hedhi natoa madoa ya kahawia. Hedhi yenyewe inakuja nzito siku mbili, inakata, halafu inarudi siku moja. Chini ya kitovu kuna uzito. Haunilizi, ila nauhisi kutwa nzima, kama mtu aliyekaa na debe mapajani. Homa sina. Harufu mbaya sina. Mwaka 2022 nilishika tena, kipimo cha mkojo kikaonyesha mistari miwili, wiki ya 6 ikatoka yenyewe. Baada ya hapo hakuna kitu.

Sasa lile jambo linaloniuma. Dukani nina daftari la madeni, na kurasa za nyuma nimekuwa nikiandika dawa nilizonunua, maana mimi huandika kila shilingi inayotoka. Jana usiku niliketi na taa nikazihesabu. Ni mara 9. Nawanakilia chache kama zilivyo (PID ndilo jina la ugonjwa walilonipa; doksi, metro na sipro ni antibiotiki):

Februari 2020. PID. Doksi siku 5, metro siku 5, sindano 3. 45,000.
Julai 2020. PID. Sipro siku 5, metro. 18,000. (Wakati wa korona, nilijieleza kwa simu, wakanitumia kwa boda.)
Machi 2021. PID. Sipro siku 7, dawa ya kusafisha kizazi ya chupa. 60,000.
Septemba 2022, baada ya ile ya pili kutoka. PID. Doksi siku 7, sindano 5. 70,000.
Mei 2023. PID. Sipro siku 5. 15,000.

Mara zote 9 jina lilikuwa hilo hilo. Hakuna hata mmoja aliyenilaza kitandani akanitazama. Walipima mkojo, wakachukua damu ya kidole, skani nikapigwa mara mbili, na zote mbili ziliandikwa kizazi kiko sawa. Kama kiko sawa, mbona nilikuwa nameza?

Mama mkwe naye alileta dawa za miti za kuweka chini. Niliweka siku tatu, nikawashwa hadi nikashindwa kuketi. Simlaumu. Anamtaka mjukuu kama mimi ninavyomtaka mtoto, na hatujawahi kukosana kwa hilo.

Mwezi uliopita nilijikusanya nikapanda teksi ya saa 11 alfajiri kwenda Kampala kwa daktari wa akina mama. Aliingiza mrija mwembamba wenye kamera, akajaza maji, akanigeuzia skrini. Nilitarajia kuona kidonda. Niliona ukuta mwekundu sana, wenye vidoti vyeupe vingi, na vinyama vidogo kuliko punje za ulezi vikicheza ndani ya yale maji. Nauza ulezi kila siku, kwa hiyo picha ile haijanitoka. Akachukua kipande cha nyama akakitia kwenye kichupa chenye dawa inayonuka kali.

Wiki mbili baadaye karatasi ikaja: endometraitisi sugu, seli za plasma zimeonekana, CD138 chanya. Daktari akaniandikia doksisaiklini ya miligramu 100, kimoja asubuhi na kimoja jioni, siku 14, kisha nirudi. Nje kulikuwa na foleni ya wanawake kumi na zaidi. Maswali yangu nilikuwa nimeyaandika kwenye kikaratasi, nikatoka nayo mkononi vile vile.

Kwa hiyo nawauliza nyinyi. Hii endometraitisi ndiyo ile PID waliyoniambia? Inawezaje kuzuia mimba ilhali sina homa wala maumivu makali? Na doksi ni ile ile niliyokwisha kumeza, mara hii itafanya nini ambacho haikufanya 2020? Mwalimu naye ameze? Vidonge ninavyo mezani, sijaanza. Naogopa kuandika mara ya 10 kwenye lile daftari.

---

Mkunga_Elgon

Dada yangu, pole sana. Mimi ni mkunga, miaka 19 kazini, sasa niko Mbale. Nimesoma daftari lako mara mbili. Hizo kurasa za nyuma zina thamani kuliko unavyofikiri. Zipige picha, usizichane.

Nianze na majina, maana yanawachanganya hata wahudumu. PID ni maambukizi ya njia ya uzazi ya juu kwa ujumla: kizazi, mirija, vifuko vya mayai, na sehemu za jirani. Yakiwa makali mwanamke anaumwa hasa, ana homa, na ukimgusa mlango wa kizazi anaruka. Endometraitisi ni uvimbe wa ule utando wa ndani ya kizazi peke yake, ule unaomwagika kila mwezi na kuota upya. Ikiwa sugu inakaa kimya. Wengi hawana dalili yoyote, wengine wana madoa kama yako na uzito tumboni. Tena isichanganywe na endometriosisi. Hiyo ni nyama inayofanana na utando huo kuota nje ya kizazi. Ni ugonjwa mwingine kabisa na doksi haiutibu.

Skani haikukudanganya, ilionyesha kile inachoweza kuonyesha. Inaona umbo la kizazi, vimbe kubwa, maji, mimba. Seli haizioni. Utando ukivimba kwa muda mrefu, mwili huleta humo askari wanaotengeneza kinga, hizo seli za plasma, ambazo kwa kawaida hazistahili kujaa pale. Mtaalamu wa maabara anaukata ule mnofu vipande vyembamba na kuupaka rangi. CD138 ni alama inayozifanya seli hizo zionekane wazi kahawia, hata zikiwa chache. Vinyama ulivyoviona kwenye maji ni dalili inayojulikana, kila kimoja hakifiki hata milimita 1. Wekundu na vidoti pia. Kwa hiyo mara hii daktari hakukisia. Aliona kwa macho, kisha maabara ikathibitisha.

Inazuiaje mimba? Kiini cha mimba hufika ndani ya kizazi siku kadhaa baada ya yai kurutubishwa, na utando una siku chache tu katika mwezi ambazo uko tayari kukipokea. Siku hizo seli zake hubadilika, hunenepa, hujaa chakula. Palipo na uvimbe wa kudumu mabadiliko hayo hayakamiliki vizuri, na kemikali za mapambano zimejaa mahali panapotakiwa kuwa na utulivu. Ndiyo maana ugonjwa huu hupatikana zaidi kwa wanawake ambao mimba hutoka mara kwa mara, na kwa wale waliopandikizwa viini hospitalini lakini havikushika. Sitakwambia ndiyo sababu pekee ya yaliyokupata. Mimba nyingi za wiki za mwanzo hutoka kwa kasoro ya kiini chenyewe, na hilo haliwi kosa la mtu. Lakini ni sababu halisi, na inatibika.

Kuhusu doksi. Swali lako ni zuri na lina jibu. Siku 5 si dozi ya ugonjwa huu. Dozi ya kawaida ya kuanzia ndiyo hiyo aliyoandika daktari, miligramu 100 mara mbili kwa siku 14, na wanawake wengi hupona kwa hiyo. Ikishindikana hubadilishwa dawa. Jambo la pili ni namna ya kumeza. Usinywe pamoja na maziwa, wala vidonge vya kuongeza damu, wala dawa ya kiungulia; vitu hivyo huishika doksi tumboni isiingie mwilini. Achanisha kwa saa mbili au tatu. Meza na glasi nzima ya maji, ukae wima angalau nusu saa, usimeze ukalala, itakuchoma koo. Jua litakuunguza kuliko kawaida, vaa mikono mirefu sokoni. Na upime mimba kabla ya kidonge cha kwanza, kwa sababu doksi haifai kwa mjamzito. Tumieni kondomu hadi utakaporudia kipimo.

Usiache hapo. Kurudia kipimo ndiko kunakosahaulika. Mwezi unaofuata baada ya dawa, mnofu uchukuliwe tena. Waliofuatiliwa baada ya matibabu, wale ambao kipimo cha pili kilikuwa safi walizaa zaidi kuliko wale ambao uvimbe ulibaki. Ni utafiti wa kufuatilia wagonjwa zaidi kuliko majaribio makubwa, sikuahidi mtoto, ila ndio mwongozo tulio nao.

Mwalimu je? Kwanza wewe upimwe klamidia, kisonono na trikomonasi. Ukikutwa na mojawapo, mnameza wote wawili, siku zile zile, la sivyo anakurudishia. Lakini mara nyingi bakteria wanaokutwa kwenye endometraitisi sugu ni wale wa kawaida wanaoishi utumboni na ukeni waliopanda juu, na hao hawahitaji mume ameze chochote. Kupima mbegu zake ni suala jingine na lifanyike bila kujali karatasi yako inasema nini. Mmetafuta miaka mingi, na katika karibu nusu ya ndoa zinazochelewa kupata mtoto mwanaume ana sehemu yake.

Tena uulize kama daktari aliona mabaki yoyote ya ile mimba ya 2019, au makovu. Kusafishwa bila skani, damu ya wiki tatu, hapo ndipo mambo mengi huanzia.

Dawa za kuweka chini, tafadhali basi. Mwambie mama mkwe kwa heshima kwamba mkunga amekataza, mzigo wa kukataza niubebe mimi.

Nina swali moja ambalo sijaliona kwenye maelezo yako. Nyumbani kwenu, au kwa uliyeishi naye, kuna aliyewahi kuumwa TB?

---

Binti_wa_Bombo

Asalaam aleykum. Mimi ni Mnubi wa Bombo, nasuka vikapu na vifuniko vya chakula. Nimeona mkunga ameuliza TB, nimeacha ukili chini nikaja kuandika.

Yangu ilikuwa TB ya kizazi. Sikukohoa hata siku moja. Baba yangu mdogo aliyetulea ndiye alikohoa, nikiwa na miaka 12, akatibiwa akapona, sisi watoto tukasahau. Vijidudu vilikuwa vimeingia mapafuni mwangu vikalala. Daktari alinieleza kwamba husafiri kwa damu, hupenda kwanza mirija ya uzazi, kisha hushuka kwenye utando wa kizazi. Unaweza kukaa nayo miaka bila kujua. Yako dada inatoa damu nzito, yangu ilienda kinyume: hedhi ilipungua kila mwaka, siku tano zikawa mbili, mwishowe nikawa naona matone tu asubuhi moja. Watu waliniambia nina bahati, sinunui pedi.

Nataka nikueleze habari ya chupa, kwa sababu ndiyo ilinipotezea mwaka mzima.

Mara ya kwanza walichukua mnofu wakautia kwenye formalini, hiyo inayonuka kali uliyoitaja. Formalini inahifadhi umbo la seli, ndiyo inayotumika kutafuta seli za plasma na vinundu vya TB kwenye darubini. Lakini inaua kila kijidudu kilichomo. Ukitaka kuotesha vijidudu, au kupitisha sampuli kwenye GeneXpert, ile mashine ya kupima TB, inatakiwa ije mbichi, kwenye maji ya chumvi safi. Kwangu ilikuwa chupa moja tu, ya formalini. Majibu yakasema uvimbe sugu, vinundu havikuonekana. Nikapewa antibiotiki. Nikameza. Nikarudi. Nikapewa nyingine.

Mwaka uliofuata daktari mwingine, mama mtu mzima, alikuja na chupa mbili mkononi. Nakumbuka aliziweka juu ya shuka, moja ina kifuniko chekundu, nyingine cheupe, akaandika jina langu kwenye zote mbili mbele yangu. Akasema, "Hii ya darubini, hii ya TB, zisichanganywe." Ile ya maji ya chumvi ndiyo iliyotoa jibu. Alikuwa amenipangia tarehe kabla kidogo ya hedhi, maana utando ukiwa umekomaa ndipo vijidudu hupatikana kwa urahisi zaidi. Ukishamwagika unaanza upya, na unaweza kuchukua nyama changa isiyo na kitu.

Matibabu ni miezi 6, vidonge vya kila siku, na katika hospitali za serikali hulipi. Miezi miwili ya kwanza dawa nne, minne iliyobaki dawa mbili. Mkojo hubadilika rangi kuwa kama soda ya machungwa, nilipiga kelele chooni siku ya kwanza kwa sababu hakuna aliyenionya. Mwambieni kila anayeanza.

Nimepona TB. Hedhi ilirudi, siku tatu. Sijapata mtoto. Nilipopigwa picha ya mirija kwa rangi ilionekana yote miwili imeziba, TB ilikuwa imeshapita hapo. Sasa tunaweka akiba ya kupandikiza kiini cha mimba hospitalini. Kampala mtoto wa kwanza wa njia hiyo alizaliwa 2004, kwa hiyo si jambo la kubahatisha, ni la pesa. Mume wangu anaweka ya boda yake, mimi ya vikapu. Nayasema haya bila kukutisha. Laiti mtu angeniuliza chupa ni ngapi mwaka mmoja mapema, labda mrija mmoja ungebaki.

Piga simu Kampala uulize: sampuli yangu ilikwenda kwenye chupa ngapi?

---

Dereva_Malaba

Shemeji, mimi nitaongea na upande wa mwalimu. Niliendesha lori Mombasa hadi Kampala miaka mingi, na kwa miaka mitatu mke wangu alizunguka hospitali peke yake mimi nikisema nina nguvu zangu zote. Nguvu za kitandani na mbegu ni vitu viwili tofauti, hilo sikulijua.

Kipimo ni rahisi. Unakaa bila tendo siku 2 hadi 7, si zaidi. Unatoa kwenye kikopo safi cha maabara, bila kondomu na bila mate wala sabuni. Kama unatolea nyumbani ifike maabara ndani ya saa moja, ukiiweka karibu na mwili isipoe. Yangu ilikuwa na mbegu chache na mvivu, na daktari aliponishika akakuta mishipa ya korodani ya kushoto imevimba kama minyoo. Nilifanyiwa upasuaji. Mtoto wetu sasa ana miaka minne.

Akikataa kwa sababu ya aibu, usibishane naye mbele ya ndugu zake. Mwonyeshe haya niliyoandika, asome akiwa peke yake.

---

Nafaka_Busia

Nimerudi. Asanteni, nimesoma yote huku nikilia, na mteja mmoja amenunua kilo mbili za maharage bila kujua kinachoendelea.

Nianze na swali la mkunga, kwa sababu limenikosesha usingizi. Mwalimu alimeza dawa za TB 2016. Tulikuwa wachumba wakati huo. Nilikuwa naenda kumpikia na kumkumbusha vidonge, nakaa naye chumba kimoja chenye dirisha dogo, hata niliuona huo mkojo wa rangi ya machungwa ambao Binti wa Bombo ameutaja. Alimaliza miezi 6, akapimwa, akaambiwa amepona. Kampala niliulizwa kama MIMI niliwahi kuumwa TB, nikajibu hapana. Nilijibu kile nilichoulizwa.

Nimepiga simu. Chupa ilikuwa moja. Formalini.

Aliyepokea alikuwa nesi, akanisikiliza, akasema atamweleza daktari nipige tena kesho. Sasa nifanye nini na hivi vidonge? Nianze nisianze?

---

Mkunga_Elgon

Umefanya vizuri sana kupiga simu, mama. Usijilaumu kwa lile jibu. Swali ndilo lililoulizwa nusu.

Usiniache mimi niamue kwa maandishi. Anza au subiri kadiri daktari atakavyosema kesho, lakini mwambie maneno haya haya: mume alitibiwa TB ya mapafu 2016, tuliishi chumba kimoja, na nimemeza sipro mara kadhaa tangu 2020. Hilo la sipro ulisisitize. Doksi si dawa ya TB. Sipro na dawa za ukoo wake zinaificha TB: humpunguza makali yule mdudu kwa siku chache bila kumwua, mgonjwa anajiona nafuu, na vipimo vinachelewa kumnasa. Kwenye daftari ulilotunakilia nimeihesabu mara tatu. Ndiyo maana nilisema usichane kurasa.

Hedhi nzito kama yako si sura ya kawaida ya TB ya kizazi, na kwenye karatasi yako hakuna vinundu vilivyotajwa, hayo yanatupa moyo. Vinundu kutoonekana peke yake hakutoshi kuifuta, Binti wa Bombo ni shahidi. Inawezekana kabisa una endometraitisi ya bakteria wa kawaida na siku 14 zikaimaliza. Tunachotaka ni kujua kabla ya kumeza kingine kwa kukisia.

Picha ya mirija isipigwe kwanza. Ikipigwa wakati maambukizi yapo, ile rangi inaweza kuyasukuma juu. Isubiri.

---

Nafaka_Busia

Daktari mwenyewe amenipigia, leo saa 7 mchana. Nilimsomea daftari lote kwenye simu, mara zote 9, tarehe na dawa na siku. Kwenye sipro alinisimamisha akaniuliza kila moja ilikuwa siku ngapi. Zimefika nne, moja ilikuwa kwenye ukurasa uliogandana, sikuinakili hapa mwanzo.

Amesema nisianze vidonge bado, nivitunze. Nipigwe picha ya kifua hapa hapa, kisha niende achukue mnofu tena kabla ya hedhi, mmoja kwenye formalini na mwingine kwenye maji ya chumvi kwa ajili ya TB, na achunguze pia klamidia na kisonono. Akiumaliza huo uchunguzi ndipo tutajua ni siku 14 au miezi 6. Mabaki ya mimba hakuona. Kovu dogo liko upande wa kushoto karibu na mlango wa mrija, na alikuwa ameliandika kwenye karatasi, mimi ndiye sikulielewa neno lake.

Mwalimu nimemwonyesha ujumbe wa dereva. Aliusoma akasimama mlangoni muda mrefu akitazama barabara. Halafu akaniuliza kama ni yeye aliyeniletea. Nikamwambia TB haina mwenyewe, na kama ipo ndani yangu basi tutaitoa pamoja kama tulivyoitoa ndani yake. Hakusema kitu. Usiku ndipo akasema atapima, lakini si Busia ambako nusu ya wazazi wa shule wanamjua. Tutapita naye Kampala siku hiyo hiyo, atatolea huko huko maabara.

Hedhi naitarajia tarehe 24. Nimeandika tarehe 21 kwenye daftari, safari hii ukurasa wa mbele: teksi ya saa 11, watu wawili, chupa mbili.